FUNDI MDOGO NA WINGI WA KAZI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, mfanyakazi wa njia ya reli, katika mkutano wa wanachama na wastaafu uliofanyika Kakamega. Yamechapwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Mimi si mtu wa hotuba. Nilisoma katika shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni ya njia: kukaza boliti, kushindilia kokoto chini ya mataruma, na kufyeka majani yasizibe njia. Kwa hiyo msitazamie maneno makubwa. Nitasema jambo nililoliona kwa macho yangu, na kosa lililokuwamo sitamsingizia mtu, maana nililifanya mimi mwenyewe.

Katibu aliniambia kuwa wengi wenu mna kazi ya pili nyumbani. Mmoja ana cherehani, mwingine ana tanuri la matofali, na wengi ni maseremala. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2006, reli ya Kenya na ya Uganda ilipokabidhiwa kampuni ya binafsi iendeshe, wafanyakazi wengi walipunguzwa. Mtu aliyeamka jana akaenda kazini kwa king'ora, leo aliamka akatazama mikono yake akajiuliza, "Mikono hii yajua nini kingine?" Waliojua kazi ya mkono walipona. Na katika hao waliopona, baadhi walikuja kuangushwa na jambo ambalo hawakulitazamia, yaani kazi kuwa nyingi.

Najua mtashangaa. Fundi hulia kwa kukosa kazi, aweza vipi kulia kwa kuipata? Sikilizeni.

Baba yangu mdogo alikuwa seremala katika karakana ya mabehewa. Alipopunguzwa alirudi hapa Kakamega na sanduku lake la vyombo: randa mbili, misumeno mitatu, patasi saba, nyundo, keekee na jiriwa. Akafungua banda dogo la mabati kando ya barabara. Hakuandika jina mlangoni. Alikuwa akitengeneza viti, vigoda na meza, moja baada ya nyingine. Chini ya kila kiti alitia alama ndogo kwa chuma cha moto, mistari miwili na nukta katikati. Nilipomwuliza alama ile ni ya nini, alisema, "Mwanangu, mteja akiketi haioni. Lakini kiti kikivunjika atakigeuza, na hapo ataniona mimi."

Viti vyake havikuwa na msumari hata mmoja katika maungo. Kila mguu uliungwa kwa ulimi na tundu. Ulimi aliutengeneza kwa mti mkavu sana, uliokaa juu ya meko miezi mingi hata ukawa mweusi kwa moshi. Sababu yake ni hii. Mti ukikauka hupungua unene na upana, lakini urefu haupungui ila kidogo sana. Ulimi ukitiwa ukiwa mbichi utapungua ndani ya tundu na kulegea. Ukitiwa ukiwa mkavu hauna tena pa kupungua, na mguu ukiendelea kukauka huushika ulimi kwa nguvu zaidi. Hili hakulisoma kitabuni. Alilipata kwa wazee wa karakana, nao walilipata kwa waliowatangulia.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu mmoja alinunua kiti, jirani akakiona, kisha kanisa likataka mabenchi kumi, kisha mwenye hoteli akataka meza. Mwana wa baba mdogo alijiunga naye, na kijana mmoja akaja kujifunza. Mimi nilikuwa nikifika siku zangu za mapumziko, kupiga msasa na kuandika hesabu, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na mwandiko wa kusomeka.

Ndipo ikaja ile oda. Shule moja ilitaka madawati sitini, nayo iliyataka kabla ya muhula kufunguliwa, yaani baada ya wiki sita. Baba mdogo alikaa kimya akapiga hesabu kwa vidole. "Sisi watu watatu," alisema, "twaweza dawati nne kwa wiki. Wiki sita ni dawati ishirini na nne. Waambieni ishirini na nne, mengine muhula ujao."

Ndugu zangu, hesabu ile ilikuwa sahihi, hata mtoto wa darasa la tatu angeifanya. Lakini mimi na ndugu yangu tuliiona kuwa hesabu ya mtu mzee. Tulimwambia, "Baba, dunia imebadilika. Tukikataa, watampa mwingine." Tulimsonga siku tatu mpaka akasema, "Haya, fanyeni. Lakini msinipe chuma cha alama." Wakati ule sikuelewa alichosema.

Tulikwenda kununua mbao. Zile kavu zilikuwa chache na bei yake kubwa, tukanunua mbao za mkaratusi zilizopasuliwa wiki ile ile. Ukiweka kiganja juu yake unasikia ubaridi wa maji. Aliyesema zinunuliwe ni mimi, mtu wa njia, ambaye kila siku naona jinsi taruma lililotiwa bichi linavyopasuka na kuachia msumari wake. Nilijua, ila nilitaka fedha zile.

Tuliwaajiri vijana sita wa kutwa. Kukata ndimi sitini mara nne kulikuwa kazi ndefu, tukaacha ndimi tukapiga misumari. Kazi ilikwisha siku mbili kabla ya muhula, tukalipwa, tukanunua nyama.

Mwezi wa tatu mwalimu mkuu alikuja bandani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Njoni mtazame." Katika madawati sitini, arobaini na moja yalikuwa yamelegea. Mbao za juu zilikuwa zimejikunja kama jani la mgomba juani. Mtoto mmoja alichanwa mguu na msumari uliochomoza. Nilimwona mtoto yule na soksi yake imefungwa kwa kitambaa. Ni mtoto wa jirani yetu.

Baba mdogo alipinda dawati moja akatazama chini yake. Hapakuwa na alama. Hapo ndipo nilipoelewa.

Tuliyarudia yote arobaini na moja bila malipo. Ilituchukua miezi minne, na fedha za likizo yangu zikaingia humo. Wateja wengine walisubiri, na baadhi waliondoka. Baba mdogo hakututukana. Alisema neno moja: "Jina langu nililijenga miaka kumi, ninyi mmelipiga msumari kwa wiki sita."

Baada ya msiba ule tuliketi watatu tukajiuliza tufanye nini. Kurudi nyuma kabisa hatukuweza, maana nyumba zetu mbili zategemea banda lile. Kuendelea kama tulivyofanya hatukuweza pia. Hatukuwa na budi kutafuta njia ya katikati. Yale tuliyoyapata ndiyo niliyokuja kuwaambia, nayo ni mambo matano.

Jambo la kwanza ni kujua gharama ya kazi ya mkono. Kabla ya hapo hatukuijua. Kiti kimoja kilikula mbao za shilingi 800, na gundi, msasa na vanishi za shilingi 250. Tulikiuza shilingi 2,800. Tukasema, "Tazama, faida ni 1,750!" Lakini kiti kile kilikula siku mbili za fundi. Ukimlipa fundi shilingi 1,000 kwa siku, gharama yake yote ni shilingi 3,050. Maana yake, kila kiti tulichouza kilitutia hasara ya shilingi 250, na aliyelipa hasara ile ni mzee kwa mgongo wake. Mtu wa namna hii akipata oda nyingi, huongeza hasara. Ndugu yangu mwenye banda, rudi nyumbani leo uandike siku zako katika hesabu. Sisi wa chama twadai mshahara kwa tajiri, lakini tukiwa na kazi yetu wenyewe twajinyima mshahara na kuita faida.

Jambo la pili ni kugawa kazi kati ya mashine na mkono. Hapa watu hubishana sana. Wengine husema mashine yaua ufundi, wengine husema mkono ni umaskini. Yafaa tukumbuke historia ya hapa petu. Wamisheni wa Friends walipofika Kaimosi mwaka 1902, misheni yao iliitwa ya viwanda, nao waliweka mashine ya kupasua mbao iliyoendeshwa kwa nguvu ya maji, na papo hapo wakawafundisha vijana useremala wa mkono. Vitu hivi viwili vilifanya kazi pamoja.

Sisi tuliandika kazi zote za kiti kimoja, kuanzia gogo mpaka vanishi. Tuliona kuwa nusu ya muda, yaani siku nzima, yaliwa na kupasua, kunyoosha na kupiga randa ya kwanza. Hakuna mteja aliyewahi kusifu kazi hiyo, maana haionekani. Basi tukaipeleka kwa mwenye mashine mjini, kwa shilingi 150 kila kiti. Maungo, mkunjo wa mgongo, na kumalizia tukaviacha mkononi mwa fundi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyobeba uzito wa mtu na ndivyo anavyovishika. Gharama ikawa mbao 800, gundi na vanishi 250, mashine 150, na siku moja ya fundi 1,000, jumla 2,200. Kwa bei ile ile ya 2,800 zikabaki shilingi 600 za kodi, vyombo, na siku za mvua. Wala mteja hakuona kiti kimebadilika, kwa kuwa hakikubadilika.

Nasema hivi: kabla hujanunua mashine, andika kazi zako. Wapo wenzetu waliochukua malipo yao ya kuachishwa kazi wakanunua mashine kubwa ya umeme, kisha ikawabidi kuilisha. Mashine yenye deni hailali. Yakutaka kazi kila siku, nawe utachukua kazi yo yote, hata mbaya, ili uilipie. Heri kumlipa mwenye mashine kwa kazi unayoihitaji. Na ukiinunua, iwe na kinga ya msumeno, na kijana asiwekwe mbele yake bila kufundishwa. Vidole havioti tena.

Jambo la tatu ni mbao kavu. Kakamega yetu ni nchi ya mvua. Kwa mwaka hupata kama milimita 2,000. Mbao hapa hazikauki upesi. Kanuni ya mafundi wa zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, zikiwa kivulini na hewa ikipita. Sisi tulijenga kibanda kisicho na kuta, paa lake pana, na mbao zikainuliwa futi moja na nusu kutoka chini. Kati ya ubao na ubao huwekwa vijiti vyenye unene sawa, vikisimama mstari mmoja kutoka chini hadi juu, ili ubao usijikunje. Ncha za mbao hupakwa rangi nzito, maana maji hutoka upesi zaidi nchani, na hapo ndipo nyufa huanza.

Utajuaje kuwa zimekauka? Chukua kipande kimoja katikati ya rundo, kipime kwa mizani ya duka, andika uzito wake kwa chaki. Kirudishe. Wiki ijayo kipime tena. Maadamu uzito unapungua, maji bado yanatoka. Uzito ukisimama wiki tatu, hewa yetu imefanya iwezalo. Mzani huu haudanganyi wala hausongwi na mteja mwenye haraka.

Jambo la nne nalichukua katika kazi yetu ya reli, na baba mdogo ndiye aliyelisema. Kwenye njia moja, stesheni masta haruhusu treni kutoka mpaka stesheni ya mbele imesema njia ni wazi. Sehemu moja, treni moja. Abiria waweza kunung'unika, wanasiasa waweza kuandika barua, lakini treni haitoki. Kwa nini? Kwa sababu wawili wakiingia sehemu moja, hakuna atakayefika.

Tuliweka ubao ukutani wenye misumari minne. Kila oda ni karatasi moja, na kila karatasi hukaa juu ya msumari wake. Misumari ikijaa, oda mpya haiingii mpaka moja imetoka mlangoni na kulipwa. Anayekuja huambiwa wazi: "Njia yako itakuwa wazi mwezi wa saba." Akikubali, hutoa arubuni ya nusu ya bei, nayo hununua mbao siku ile ile, zikaanza kukauka zikimngojea. Kwa njia hii muda wa kusubiri haupotei, kwa sababu ndio muda wa kukausha. Wapo wanaoondoka wakanunua kwingine. Hatuwazuii. Baadhi yao wamerudi, baadhi hawakurudi. Sitawadanganya kuwa wote walirudi.

Jambo la tano ni vijana, na hili lahusu chama. Kazi ikizidi, fundi hukimbilia kuajiri vijana wa kutwa kwa ujira mdogo, huwapa misumari na nyundo, na kazi ikiisha huwafukuza. Tulifanya hivyo, nasi twaona haya. Kijana wa namna hiyo hajifunzi kitu, na asiyejifunza hawezi kutengeneza kiti kizuri hata ukimpa mwaka. Sasa tuna vijana wawili tu. Hulipwa kwa wiki, hawalipwi kwa idadi ya vipande, maana ukimlipa kwa kipande umemwambia afanye haraka, na mbio zile utazikuta ndani ya maungo. Kila mmoja ameanza kwa kunoa patasi, kisha kukata tundu, kisha ulimi, kisha kiti kizima. Yule wa kwanza ametimiza mwaka wa tatu. Juzi alipewa chuma cha alama, nayo ni alama yake mwenyewe, ya baba mdogo hakupewa.

Ndugu wanachama, mambo haya hayakutupata sisi peke yetu. Watazameni wachongaji wa Ukamba. Yasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918, alikuwa Tanganyika, akajifunza kuchonga vinyago kwa Wazaramo, akarudi na ufundi ule nyumbani. Kutoka kwa mtu mmoja kazi ikaenea kijiji, kisha wilaya. Wageni walinunua, meli zikabeba vinyago hadi Ulaya na Marekani, na mahitaji yakawa makubwa mno. Hapo mafundi wengi waliingia katika mtego ule ule. Mwenye duka alitaka vingi na kwa bei ndogo, na mchongaji akachonga upesi ili apate posho ya siku.

Walitafuta dawa yao. Mwaka 1963 wachongaji waliokuwa Mombasa waliunda chama cha ushirika huko Changamwe. Wao hufanya kazi mahali pamoja, na kila kinyago hubeba nambari ya mwanachama aliyekichonga, ili malipo yamfikie yeye, na lawama pia. Tazameni, ni alama ya chini ya kiti ile ile, isipokuwa yao ni ya watu wengi pamoja. Mteja mkubwa akija hawezi kumbana fundi mmoja mmoja, kwa maana huzungumza na chama.

Lakini wao walipatwa na jambo jingine lililo onyo kwetu. Mti uliisha. Mpingo ni mti unaokua polepole sana, ukataka maisha ya mtu mzima na zaidi kabla ya kufaa. Mahitaji hayakungoja. Mpingo na muhugu vilipoadimika, katika miaka ya 1990 mafundi walihimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti inayokua upesi na iliyomo mashambani. Wengi walikubali. Kisha wakajifunza kwa uchungu kuwa mti mpya wataka ukaushaji mpya, kwani kinyago kilichochongwa kibichi hupasuka njiani kabla hakijafika kwa mnunuzi. Kumbe kinyago cha kule na dawati la hapa huugua ugonjwa mmoja.

Sisi wa Kakamega tuna msitu unaotajwa duniani kote, uliotangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933. Wazee wameona miti mikubwa ikitolewa humo hata sehemu zikabaki majani matupu. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na amri ile ilidumu zaidi ya miaka mitano. Kila seremala aliona bei ya mbao ikipanda. Wengine walilaumu amri. Mimi nauliza, ni nani kati yetu aliyepanda miti kadiri ya viti alivyouza? Lusiola huota vizuri mipakani mwa mashamba yetu, kadhalika grevilea. Baba mdogo sasa hupanda miche mitano kwa kila oda inayotoka. Anajua hataikata yeye.

Na tusisahau ngoma zetu. Mwaka 2014 UNESCO iliandika ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma zile hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja huchimbwa kwa mkono. Miongoni mwa matatizo yaliyotajwa ni upungufu wa vifaa vya kuzitengenezea. Harusi bado zipo, matanga bado yapo, na wanaotaka isukuti ni wengi. Lakini anayejua kuichimba akizeeka bila mwanafunzi, na mti wake ukiisha, wingi wa wanaotaka hautasaidia kitu. Fundi apatikanaye kwa haraka hayupo.

Sasa namalizia, Ndugu Mwenyekiti, kwa ombi. Fundi mmoja hawezi kununua mbao za mwaka mzima na kuziacha zikauke. Fedha zake zitakuwa zimelala naye atakuwa na njaa. Hii ndiyo sababu hasa inayomsukuma kununua mbichi. Lakini sisi hapa ni wengi, na tuna chama chetu cha akiba na mikopo. Naomba kamati ifikirie kujenga kibanda kimoja kikubwa cha kukaushia mbao, cha wanachama wote, kila fundi aweke zake na achukue zilizokauka kwa zamu. Tena oda kubwa ikija, kama ile ya madawati sitini, isichukuliwe na banda moja. Mabanda matatu yagawane, ishirini ishirini, kila banda kwa alama yake. Na kabla hayajatoka, fundi wa banda jingine ayapinde ayatazame chini. Hapo tutaweza kusema ndiyo kwa mteja mkubwa bila kusema uongo.

Baba mdogo amezeeka, magoti yake hayakubali tena kusimama kutwa. Alinituma niseme neno moja kwenu. Alisema, "Waambie wenzangu wa karakana, kazi ikiwajia nyingi wamshukuru Mungu, kisha wahesabu vidole." Nami nimewafikishia.

Umoja ni nguvu.